Mota Iliyotulia Mno

Jumatatu, 2 Septemba

Siku ya kwanza ya uhandisi na tayari nina hasira. Hongera kwangu!

Dokta wa Mashine — anafundisha mashine za umeme, jina hilo wamempa wa mwaka wa tatu — ametupa kazi. Si hesabu. Ukurasa mmoja: usuli wako na mambo unayoyapenda. Anataka kujua ni nani amekaa mbele yake, anasema. Halafu akatupa chambo. Sita kati yetu wataingia maabara ya mashine kila Jumamosi, pamoja na mwaka wa tatu. Sita! Sisi ni themanini na mmoja. Atachagua kwa kusoma kurasa hizo.

Naitaka nafasi hiyo. Naandika hapa wazi, nisije nikajitia sijali baadaye. Nimeiona maabara kupitia dirisha: mota kumi na mbili zimefungwa sakafuni kwa mstari, nyingine kubwa kuliko yoyote iliyowahi kuingia kwetu. Nilibandika pua kwenye kioo mpaka mlinzi akaniuliza nimepotelewa na nini.

Darasa zima linaandika redio. Kila mtu eti alifungua redio ya babu yake akiwa na miaka sita. Redio themanini marehemu, na mababu themanini waliokosa taarifa ya habari! Mwenzangu wa chumba naye kaandika redio. Namwita Robo, maana hana habari nyingine ila roboti. Nikamuuliza, kweli ulifungua? Akacheka mpaka akakaa kitandani. Kwao hakukuwa na redio.

Mimi nimeandika ukweli. Naunakili, nibaki nao:

"Mama yangu ni fundi wa kusuka mota. Mota ikiungua, waya wa shaba ndani yake unakuwa mweusi tii. Mama anaukata, anautoa, anasuka mpya. Nimekulia chini ya meza yake. Harufu ya vanishi kwangu ndiyo harufu ya nyumbani. Karakana yetu ina sheria moja. Kabla ya kutupa waya wa zamani, watu wawili wanahesabu mizunguko ya koili, kila mmoja kivyake, na hakuna kutamka. Ukitaja namba kwa sauti, mwenzako ataiona hata kama haipo. Kila mmoja anaandika namba yake kiganjani, anafumba ngumi, kisha mnafunua pamoja. Zikitofautiana, mnarudia, hata chakula kipoe. Ninapenda sauti ya mota inapoanza. Ninapenda kujua kinachoiumiza kabla haijafunguliwa. Ninataka kujua kwa nini, maana Mama anajua vipi lakini kwa nini hakufundishwa."

Sentensi ya mwisho nimeipenda. Naenda kula.


Jumatano, 4 Septemba

Kalamu nyekundu. Ukurasa mzima umepigwa mstari wa mshazari, juu mpaka chini. Na chini yake: "Huu ni usuli wa fundi, si wa mhandisi. Andika upya."

Ingeishia hapo ningenyamaza. Ah, ningejaribu. Lakini aliusoma darasani! Jina hakutaja, ila alinitazama, na watu wana macho. Alipofika kwenye viganja, safu za nyuma zikaangua kicheko.

Akaniuliza kama baba yangu ni fundi. Nikasema hapana Dokta, ni mama. Kicheko. Na baba? Mshonaji nguo. Mtu nyuma akasema mmoja anasuka, mwingine anashona, huyu atafuma! Kusema kweli ni mzaha mzuri, Baba mwenyewe angeupenda. Baba anaogopa umeme hata wa tochi.

Dokta hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema kwa upole kabisa kwamba hapa tunatumia vipimo, si viganja, na kwamba mtu akija chuo kikuu anaacha karakana mlangoni. Nimepewa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Nisipoandika upya, nafasi ya maabara nisahau.

Sijaacha kitu mlangoni mimi. Nimeingia na miguu yote miwili na mama yangu juu.


Alhamisi, 5 Septemba

Nimempigia Mama. Shikamoo, marahaba, umekula, nimekula. Kisha nikamwaga yote. Nilingoja akasirike. Mama akikasirika bisibisi zinajipanga zenyewe.

Badala yake akasema, "Andika wanachotaka, mwanangu. Upite." Nikasema siwezi. Akasema, "Basi mimi niondoe. Sema mama anafanya biashara. Wewe ni wa huko sasa, mimi ni wa huku."

Niliumia. Kuliko kalamu nyekundu, kuliko kicheko. Mwanamke aliyemfukuza mteja mzima mzima na mota yake begani kwa kuuliza "mwenye karakana yuko wapi" — huyo huyo ananiambia nimfute!

Nikamwambia sifuti. Akasema nina kichwa kigumu kama cha baba yake. Nikasema asante. Simu ikakatika. Sijui nani kamkatia nani.


Jumamosi, 7 Septemba

Nimejaribu. Mungu shahidi, nimejaribu. "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya teknolojia ya kisasa." Nikasoma kwa sauti. Robo akauliza nani amefariki, maana nasoma kama wasifu wa marehemu.

Nimechana.

Feni ya maktaba, ile ya karibu na dirisha, beringi inakufa. Inalia kidogo kila ikimaliza mzunguko. Nimemwambia mkutubi. Akanitazama kama nimemwambia feni ina homa. Hilo nalo ni jambo ninalolipenda, Dokta, liandike: kusikiliza. Lifti ya jengo la utawala pia haiko sawa. Naweza kuendelea!


Jumatatu, 9 Septemba

Nimejiponza. Au nimejiokoa. Sijui.

Leo darasa lilipelekwa kutembelea maabara, kwa mafungu. Ndani ni pazuri kuliko nilivyoona kwenye kioo. Sakafu ya kijani, michirizi ya grisi, kila mota na namba yake kwa rangi nyeupe. Fundi wa maabara ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba — nikampenda hapo hapo. Wanamwita Mzee wa Maabara.

Dokta akasimama kwenye mota namba tatu. Iliungua mwaka jana, ikasukwa upya wakati wa likizo na mwaka wa tatu chini yake yeye mwenyewe. Anajivunia. Akaiwasha. Akasema sikilizeni ilivyotulia, shikeni, hata joto haina. Kweli, ilikuwa baridi kama meza. Watu wakaguna kwa kustahi.

Mimi nikatega sikio. Naijua hiyo sauti.

Kisha akafungulia pampu iliyounganishwa nayo, ipandishe maji mpaka tangi la juu. Mota ikalegea. Maji yakapanda nusu ya bomba la kioo, yakasimama, yakatetemeka. Dokta akazima haraka, akasema tatizo ni pampu, ni ya pili hii, ataagiza nyingine.

Nikasema, "Si pampu, Dokta."

Sikupanga. Mdomo uliondoka peke yake.

Akaniuliza ni nini basi. Nikasema mizunguko ya waya imezidi. Kwa kiasi gani? Maradufu. Umejuaje, umepima? Nikasema, "Imetulia mno, Dokta."

Kicheko kile cha Jumatano kikarudi, na marafiki zake. Mtu akafumba ngumi juu hewani, akaifunua. Viganja! Robo peke yake hakucheka. Alikuwa ananikanyaga mguu ninyamaze.

Dokta akavua miwani, akaifuta, akavaa. Akasema sawa. Ijumaa, mbele ya mwaka wa tatu, nithibitishe. Nikiwa sahihi, ukurasa wangu utabaki kama ulivyo na nafasi ya maabara ni yangu. Nikikosea, niandike upya anavyotaka na Jumamosi zote nikae bwenini. Nimekubali?

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Mimi na mdomo huu!


Jumanne, 10 Septemba

Sasa niandike kile ambacho sikukiandika kwenye ukurasa.

Najua ile sauti kwa sababu niliwahi kuitengeneza. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama aliniachia mota ya pampu, ya kwanza ya peke yangu. Nikahesabu waya wa zamani, nikasuka, nikapiga vanishi. Ilizunguka kimya, tamu, sijawahi kujipenda vile. Ikaenda kwa mwenyewe. Haikupandisha hata ndoo moja.

Kosa langu lilikuwa hivi. Mota nyingine husukwa kwa nyuzi mbili nyembamba zinazokwenda pamoja badala ya uzi mmoja mnene. Nyuzi mbili, mzunguko mmoja. Ukikata koili na kuhesabu ncha bila kuangalia mkia wake, pale waya unapotoka na kuonyesha ni nyuzi ngapi, unahesabu kila mzunguko mara mbili. Unasuka maradufu kwa uzi mmoja mwembamba, na waya unaenea vizuri kabisa kwenye nafasi yake, hakuna kinachokushtua. Mota inawaka, inatulia, haina joto, na haina nguvu. Haijitumi! Mota nzima kabisa ina mngurumo fulani wa chini, wa kujishika. Ile haina.

Mama aliirudisha mwenyewe. Hakunigombeza. Alikaa, akanikalisha, tukaifumua mkono kwa mkono. Kesho yake sheria ya viganja ikaanza. Kabla ya hapo haikuwapo. Ni sheria yangu. Ilizaliwa kwa upumbavu wangu.

Nikampigia leo. Nilikuwa naogopa, tangu Alhamisi hatujaongea. Nikaanza na mota, si na samahani. Nikasema Mama, kuna mota hapa, imetulia, baridi, haibebi. Kicheko! Kicheko chake chote, na Baba nyuma anauliza kuna nini. "Kama ile yako!" Akaniuliza wamekagua viungo vya waya kwenye boksi lake? Nikasema Mzee wa Maabara alishakagua mara mbili, viko sawa. "Basi ni hiyo. Nani alihesabu?" Sijui, nikasema. "Alihesabu na nani?" Hilo ndilo swali lake siku zote.

Mwishoni akasema usihesabu peke yako, hata ukiwa na uhakika. Hasa ukiwa na uhakika. Kisha, kama anaongea na mtu mwingine: "Na ule ukurasa. Kama lazima niwemo, usiandike fundi tu. Andika fundi mkuu."

Nimelia kidogo. Kidogo tu. Nimeandika fundi mkuu.


Alhamisi, 12 Septemba

Mzee wa Maabara ameniita leo baada ya kipindi. Mota haiwezi kuthibitisha kitu yenyewe, anasema: ukiifungua utakuta waya mpya, na mpya uko kama kitabu cha kumbukumbu cha maabara kinavyosema. Kinachotakiwa ni wa zamani. Na wa zamani ulitupwa likizo.

Nikasema, basi nimekwisha.

Kisha akavuta droo ya chini kabisa, chini ya matambara, akatoa koili moja nzima, nyeusi, imefungwa kwa kamba. Namba tatu kwa chaki. Yeye hatupi koili ya zamani mpaka mota ibebe mzigo mbele ya macho yake, na hii haijabeba. Nilitaka kumkumbatia! Nikasema Mzee, wewe na mama yangu mngeelewana. Akasema kila fundi anafanya hivyo, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hakuniruhusu kuishika. Ijumaa, mbele ya wote, asije mtu akasema tumeichezea.

Lakini alinionyesha kitabu cha kumbukumbu. Mota namba tatu. Mizunguko kwa koili: 88. Aliyehesabu: sahihi moja. Aliyehakiki: patupu.

Sahihi naijua. Iko kwenye ukurasa wangu, kwa wino mwekundu.

Mzee akafunga kitabu taratibu. Akaniambia bado naweza kuomba radhi, niseme nilighafilika, Dokta si mtu mbaya, atasahau. Aliyehesabu ndiye anayenisahihisha, nikumbuke hilo. Miaka minne ni mingi.

Nimerudi bwenini kwa miguu, njia ya mzunguko. Nimefikiria kweli. Robo naye anasema niombe radhi, ana uso wa mtu anayesindikiza jeneza. Ningeweza. Maneno ninayo. Lakini nikiomba radhi nitakuwa nimeomba radhi kwa kuwa mtoto wa mama yangu, na hilo sifanyi ng'o! Kama namba ni 88, nitasema nimekosea na nitaandika hata shauku ya teknolojia ya kisasa, neno kwa neno. Kama si 88, basi si 88. Sahihi ya nani, shauri yake.


Ijumaa, 13 Septemba

Naandika hapa hapa maabara, juu ya stuli, daftari gotini. Mkono wa kulia tu. Wa kushoto umefumba.

Haraka, kabla Dokta hajarudi.

Ukurasa nimeuwasilisha asubuhi, kabla ya yote, asije akasema nilingoja matokeo. Ni ule ule. Nimebadilisha mawili tu: fundi mkuu, na aya moja mpya mwishoni, ile mota yangu ya miaka kumi na minne, yote, bila kupamba. Akaupokea, hakuusoma, akauweka kwenye mfuko wa koti.

Watu wamejaa mpaka mlangoni. Mwaka wa tatu mbele, mikono kifuani. Mzee akaleta koili kwenye sinia. Dokta alipoiona akauliza hii imetoka wapi, akaambiwa, ya droo ya chini. Akasema aha. Aha tu.

Akaniambia haya, hesabu.

Nikasema kwetu hatuhesabu peke yetu. Watu wawili, bila kutamka, kiganjani. Kicheko kikaanza. Akauliza nani atahesabu na mimi, rafiki yangu? Robo alishajificha nyuma ya mota namba saba.

Nikasema, "Wewe, Dokta."

Kicheko kikakatika kama mtu kazima swichi. Alinitazama muda mrefu. Mimi sikuinamisha macho, ingawa masikio yaliwaka moto. Kisha akakunja mkono wa shati. Akaomba kalamu. Nikasema nitampa yangu nikimaliza.

Mimi nikaanza. Sindano ya Mzee, uzi baada ya uzi. Niliangalia mkia kwanza, kama nilivyofundishwa. Nikahesabu mara mbili. Nikageuka, nikaandika, nikafumba. Hata hapa siandiki namba. Sheria ni sheria.

Akaja yeye. Akahesabu haraka, midomo inachezacheza. Akamaliza, akaandika kiganjani kwa kalamu yangu, akanirudishia, akafumba. Nikajua ameandika nini, mtu huandika anachokijua. Wa mwaka wa tatu mmoja akasema haya fungueni. Dokta akasema ngoja.

Akarudi kwenye koili. Akaigeuza. Akaushika mkia pale unapotoka, kwenye kifuko cha kitambaa kilichoungua, akakivua kwa kucha. Polepole. Akainama mpaka pua ikaigusa. Akavua miwani. Akavaa. Akaanza kuhesabu upya, na safari hii midomo haikucheza kabisa, nami nikawa nasikia ile beringi ya maktaba kichwani mwangu.

Alipomaliza akafungua ngumi yake usawa wa kifua, yeye peke yake aone. Akalamba kidole gumba. Akasugua kiganja.

Wote waliona! Hakujificha. Angeweza kugeuka ukutani kama mimi, hakugeuka. Akaniomba kalamu mara ya pili. Nikampa. Akaandika tena, akanirudishia, akafumba.

Na hapo — hapo! — karani akachungulia mlangoni: mkuu wa idara anamwita, dakika tano, haingoji. Dokta akatazama mlango, akatazama koili. Akasema mtu asiguse kitu, mtu asifunue kitu. Akatoka. Mlango aliusukuma kwa kiwiko.

Dakika kumi na mbili sasa. Wa mwaka wa tatu wananibembeleza nionyeshe, hata mmoja tu, kwa siri. Sionyeshi. Robo ametoka nyuma ya namba saba, amekaa chini karibu na stuli yangu, na amenishikia chupa ya maji ninywe kwa mkono mmoja. Mzee wa Maabara amefungua kitabu cha kumbukumbu, ukurasa wa namba tatu, amekiweka mezani na kalamu juu yake. Kiganja kimelowa jasho, naomba wino usifutike.

Robo alienda kuchungulia koridoni kupitia kioo cha mlango. Anasema Dokta ametoka ofisi ya mkuu, amesimama pale dirishani, anasoma karatasi. Ameitoa kwenye mfuko wa koti. Ameshindwa kuikunjua vizuri, anaibana na kidevu.

Kwa nini, nikauliza, mikono yake ina nini?

Robo akageuka. Mkono mmoja tu, akasema. Mwingine bado amefumba.

Anakuja.